Injini Nyingine Katika Gari la Kale: Usajili Wake Nchini Uingereza

Gari la kale likitunzwa vizuri huishi miaka mingi kuliko injini iliyotoka nayo kiwandani. Pistoni hulegea, bloku hupasuka, vipuri huadimika, na mwenye gari hulazimika kuifumua injini na kuiunda upya kwa gharama kubwa au kuing'oa na kupachika nyingine. Sheria ya Uingereza inaruhusu njia zote mbili. Inachodai ni kwamba injini ikibadilika, kumbukumbu za serikali nazo zibadilike.

Kumbukumbu hizo hutunzwa na DVLA, mamlaka ya leseni za madereva na magari yenye makao yake Swansea, Wales. Mwenye gari hupewa cheti cha usajili kiitwacho V5C, ambacho Mkenya angekiita logibuku na Mtanzania angekiita kadi ya gari. Kama ilivyo kwenye kadi za Afrika Mashariki, cheti hicho huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini, pamoja na ujazo wa injini, aina ya mafuta na rangi. Wengi hukichukulia kuwa hati ya umiliki, lakini sivyo. Kinamtaja mtu anayewajibika kulisajili gari na kulilipia kodi, na ndiye huyo anayepaswa kutoa taarifa ya mabadiliko. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.

Mfano unaofahamika sana ni wa Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985 na ambayo hata Kenya na Tanzania ilibeba mizigo, askari na watalii. Nyingi zilitoka kiwandani na injini ya petroli ya cc 2286. Mafundi wa Uingereza hupenda kuipa injini ya dizeli ya 200Tdi ya cc 2495, iliyokuja na Land Rover Discovery mwaka 1989, kwa sababu injini hizo mbili ni za ukoo mmoja na kazi ya kuipachika si ya kukatakata chuma sana. Mabadiliko hayo pekee hugusa sehemu tatu za cheti: namba, ujazo na mafuta. Hata anayeweka injini ya aina ileile kabisa, ya ujazo uleule, bado ana namba mpya ya kuandikisha. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba kufanana kwa injini kunawaondolea wajibu.

Taarifa yenyewe haina malipo. Mwenye gari hujaza sehemu ya mabadiliko kwenye cheti na kukituma Swansea pamoja na uthibitisho, na baada ya hapo hutumiwa cheti kipya. Uzito wa jambo lote uko kwenye uthibitisho. Namba ya injini au ujazo wake ukibadilika, DVLA hukubali stakabadhi ya injini iliyonunuliwa, barua ya mtengenezaji, au ripoti ya ukaguzi uliofanywa kwa ajili ya bima. Ikiwa injini ilibadilishwa kabla gari halijafika kwa mwenye sasa, gereji inaweza kulithibitisha hilo kwa maandishi kwenye karatasi yenye nembo na anwani yake. Aina ya mafuta ikibadilika, kinachohitajika ni stakabadhi ya injini mpya, au barua ya gereji iliyofanya kazi hiyo ikiwa injini ileile ndiyo iliyogeuzwa.

Kwa hiyo usajili mzuri huanza siku ya kununua injini, kabla hata haijafungwa kwenye gari. Injini nyingi za kupachikwa hutoka kwenye magari yaliyovunjwa, na huuzwa kwa fedha taslimu katika yadi au kati ya mtu na mtu. Stakabadhi isiyo na namba ya injini inasaidia kidogo sana. Inayofaa inataja jina na anwani ya muuzaji, tarehe, aina ya injini, ujazo, na namba nzima kama ilivyogongwa kwenye bloku. Namba hiyo ikisomwa na kupigwa picha injini ikiwa bado sakafuni, mwenye gari hujiepusha na taabu ya kuitafuta baadaye katikati ya mabomba na grisi. Faida nyingine ni kujua kama namba imesuguliwa au kugongwa upya, dalili inayotosha kumfanya mnunuzi aachane na injini hiyo, hata bei ikiwa ya kuvutia namna gani.

Swali la pili ni kama gari bado ni lilelile. Kwa miaka mingi DVLA ililijibu kwa alama. Chasisi ya awali, au mpya ya aina ileile kutoka kwa mtengenezaji, ilipewa alama 5. Springi na mfumo wake, ekseli, giaboksi na usukani vilipewa 2 kila kimoja. Injini ilipewa 1 tu. Gari lilihitaji alama 8 ili libaki na namba yake ya usajili. Lililopungukiwa lilipelekwa kwenye ukaguzi maalumu na kupewa namba inayoanza na Q, inayoonyesha kuwa asili au umri wa gari haujulikani kwa hakika. Mpangilio huo ulikuwa wa haki kwa wenye kubadili injini, kwani aliyetoa injini na giaboksi pamoja alibaki na alama 11 kati ya 14. Tarehe 26 Agosti 2025 sera mpya ilianza kutumika. Matengenezo yanayorudisha gari katika hali yake bila kugusa maelezo ya cheti hayahitaji tena kuripotiwa, na magari yaliyofanyiwa mabadiliko makubwa, yakiwemo yaliyogeuzwa kutumia umeme, yanaweza kubaki na utambulisho wake mradi mabadiliko yatajwe.

Jambo lenye utata zaidi ni MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa usalama na moshi. Tangu tarehe 20 Mei 2018, gari lenye umri wa zaidi ya miaka 40 limesamehewa ukaguzi huo iwapo halikubadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita. Hapa injini ina uzito kuliko ilivyokuwa kwenye alama. Injini ya ujazo tofauti lakini ya msingi uleule haihesabiwi kuwa badiliko kubwa, wala ile ambayo kiwanda chenyewe kiliwahi kuiweka kwenye gari la aina hiyo. Idadi ya silinda ikitofautiana na ya awali, mwelekeo ni kwamba badiliko ni kubwa, ingawa si lazima.

Gari la MGB linaeleza vizuri maneno hayo. Lilitoka na injini ya silinda nne ya cc 1798, na V8 ya Rover ya cc 3528 ingeonekana kuwa mgeni ndani yake. Lakini kati ya 1973 na 1976 kiwanda cha MG kiliunda MGB GT V8 kwa injini hiyohiyo, kwa hiyo mwenye MGB GT aliyeipachika ana hoja yenye mashiko. Mabadiliko yanayothibitika kufanywa wakati gari la aina hiyo lilipokuwa likitengenezwa, au ndani ya miaka kumi baada ya uzalishaji kukoma, nayo hukubaliwa. 200Tdi katika Series III haina utetezi rahisi kiasi hicho, maana kiwanda hakikuwahi kuiuza hivyo. Anayeamua ni mwenye gari mwenyewe, anapotoa tamko kwenye fomu V112 wakati wa kulipia kodi, na tamko hilo linamfunga. Anayesitasita ni bora aulize mtaalamu wa aina hiyo ya gari, au alipeleke kwenye ukaguzi. Kukosa msamaha wa MOT hakuliondoi gari kwenye kundi la magari ya kihistoria.

Kundi hilo halilipi kodi ya barabara, ingawa bado ni lazima kuiomba kila mwaka. Gari ambalo halijafikia miaka 40, na lililosajiliwa kabla ya Machi 2001, hutozwa kwa ujazo wa injini, na mpaka ni cc 1549. Mini ya mwaka 1990 yenye cc 998 ikiwekewa injini ya Honda ya cc 1595 huvuka mpaka huo na kulipa kiwango cha juu.

Kampuni ya bima nayo huarifiwa, tena kabla gari halijaingia barabarani, kwa kuwa nguvu ya injini hubadili hesabu ya hatari na mteja akificha, dai lake linaweza kukataliwa. Cheti kipya kikifika kutoka Swansea, husomwa tarakimu kwa tarakimu mbele ya bloku, kisha huwekwa pamoja na nakala za stakabadhi, picha za namba na barua ya gereji, ili atakayelinunua gari baadaye aikute historia yote mahali pamoja.