Bi harusi na hatari ya piko
Katika pwani yetu, bi harusi huchorwa maua mikononi na miguuni. Hina ya majani huacha rangi nyekundu ya kahawia, na ni nadra kumdhuru mtu. Hatari imo katika piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Piko nyingi zina kemikali iitwayo PPD, iwezayo kuleta mwasho, uvimbe na malengelenge siku moja hadi tatu baadaye, pengine siku yenyewe ya harusi. Aliyedhurika mara moja huweza kudhurika tena hata akitia nywele rangi uzeeni. Chagua hina tupu. Ngozi ikiwasha, osha kwa maji na sabuni, umwone daktari. Uso ukivimba au pumzi zikibana, kimbilia hospitali.