Filimbi Iliyokosea na Mizani Iliyoinama

Jua likisha kuchwa na magongo yakisha kurudishwa mifukoni, hubaki jambo moja lisilofungika kwa kamba wala zipu, nalo ni mjadala wa mwamuzi. Wapenzi wa mpira wa magongo wa Nakuru waujua vizuri mjadala huu. Timu yao ikishindwa Nairobi, safari ya kurudi, kilomita zipatazo 160, hutosha kuizungusha filimbi moja mara ishirini. Mmoja huapa kwamba mpira uligusa mguu wa mlinzi na mwamuzi akanyamaza. Mwingine hudai kwamba bao lilipigwa nje ya duara. Wakiteremka Naivasha bado wanasema mwamuzi alikosea. Wakifika Gilgil neno limekwisha kubadilika, sasa wanasema ligi ina wenyewe.

Tumeona vyema kulizungumza jambo hili mbele ya jamaa zetu, walioko pwani na walioko Bonde la Ufa, kwa sababu katika gari hilo mna watoto. Wavulana na wasichana wetu wa shule husikiliza, na hulibeba walisikialo hadi darasani, dukani, na siku moja hadi katika nyumba zao wenyewe. Wanajifunza namna ya kushindwa. Zaidi ya hayo, wanajifunza namna ya kumshitaki mtu.

Maneno hayo mawili, kosa na upendeleo, si ndugu wa tumbo moja. Kosa ni la jicho na mguu: mwamuzi hakuona, au alisimama pasipofaa. Upendeleo ni wa moyo na nia: aliona, kisha akachagua. La kwanza ni udhaifu wa kila mwanadamu. La pili ni dhulma. Mtu mwadilifu hamhamishi mwenziwe kutoka udhaifu hadi dhulma kwa sababu tu bao limemuuma.

Na tuanze na kosa, tuone lilivyo jepesi kutokea. Uwanja wa magongo una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Waamuzi ni wawili tu, na kila mmoja ana nusu yake ya kuangalia. Mpira ni mdogo, mgumu, wenye uzito usiofika gramu 165, nao hupita kati ya miguu na magongo kwa kasi. Bao halihesabiwi isipokuwa mpira umeguswa na mshambuliaji ndani ya duara linalochorwa mita 14.63 kutoka langoni. Mpira ukigusa mguu wa mlinzi ndani ya duara hilo, washambuliaji hupewa kona ya adhabu, nayo ni nafasi kubwa ya kufunga. Basi kwa nukta moja mwamuzi anatakiwa auone mguu, gongo, mpira na mstari, ilhali wachezaji kadhaa wamesimama kati yake na tukio. Shabiki aliyeketi upande wa pili aliona jambo jingine, naye pia hasemi uongo. Kila mmoja ameona kipande chake.

Uwanja wenyewe nao una neno. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mechi kuu za ligi ya Kenya imechezwa City Park, Nairobi, juu ya nyasi bandia. Timu za mikoani aghalabu hufanya mazoezi juu ya nyasi za kawaida au udongo. Juu ya udongo mpira hurukaruka na mchezaji hujizoeza kuungoja; juu ya nyasi bandia mpira huteleza, na anayeungoja hukuta umekwisha kupita. Mlinzi wa namna hiyo huchelewa nusu hatua, gongo lake hugonga gongo la mwenziwe badala ya mpira, na filimbi hulia. Ikilia mara kumi dhidi yake na mara nne dhidi ya mpinzani, shabiki hufanya hesabu na kuona upendeleo. Yamkini anachokiona ni tofauti ya viwanja vya mazoezi.

Iko pia tofauti ya mifuko. Kenya Police ni timu yenye mwajiri. Butali Warriors ya Kakamega imesimama juu ya kiwanda cha sukari. Kwa upande wa wanawake, timu iliyolelewa na kampuni ya simu ya Telkom, ambayo baadaye ikaitwa Blazers, ilitwaa ubingwa wa nchi msimu baada ya msimu na ikachukua pia kombe la vilabu bingwa vya Afrika mara kadhaa. Timu isiyo na mlezi huchangishana nauli. Mchezaji wake huenda alisimama dukani Jumamosi mpaka jioni, kisha alfajiri ya Jumapili akapanda gari. Akifika amechoka, akifungwa mabao matano, ni rahisi kusema kwamba mwamuzi alipangwa. Lakini nauli haikupangwa na mwamuzi. Hapo kuna jambo la haki, nalo lastahili kusemwa kwa jina lake: ni uhaba wa fedha na viwanja. Tukiliita wizi wa filimbi, tutamtafuta mkosaji mahali asipokuwapo, na nauli itaendelea kukosekana.

Watu wa Nakuru wana kipimo chao wenyewe cha kujipima. Katika kandanda, Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyokuwa na maskani yake mjini humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2010. Wachezaji wake walikuwa na mwajiri, na timu ya mtaani haikuwa na vitu hivyo. Je, mashabiki wa Afraha waliuita ubingwa ule upendeleo, au waliuita kazi na nidhamu? Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hoja tunayoikataa inapotupiga sisi, hatuna budi kuitilia shaka pia tunapoitumia kuwapiga wengine.

Historia ya mchezo huu ina onyo moja kubwa. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona, Pakistan ilitwaa ubingwa, na Kenya yetu ikashika nafasi ya nne. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Munich, ambako Avtar Singh Sohal wa Kenya alikuwa akicheza Olimpiki yake ya nne, Pakistan ilifika fainali dhidi ya wenyeji, Ujerumani Magharibi. Wenyeji walishinda 1–0 kwa bao la Michael Krause. Wapakistani waliamini kwamba waamuzi wamewadhulumu. Ghadhabu ikapanda mpaka René Frank, rais wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo, akamwagiwa maji. Katika kuvishwa medali, baadhi ya wachezaji waliigeuzia mgongo bendera ya washindi. Wachezaji wakafungiwa maisha, adhabu ambayo baadaye iliondolewa.

Huenda walikuwa na haki katika malalamiko yao, huenda hawakuwa nayo. Jambo la kusikitisha ni kwamba leo swali hilo halimshughulishi mtu. Fainali ile ikitajwa, wachache sana waweza kueleza ni filimbi ipi iliyokosewa, lakini kila mmoja anakumbuka maji na migongo. Hasira iliyakumba malalamiko ikayafuta, na waliojiona wamedhulumiwa wakabaki katika historia kama wakosaji.

Mchezo wenyewe ulikuja kutafuta njia bora. Katika mashindano makubwa ya kimataifa siku hizi kuna mwamuzi wa video, na kila timu hupewa nafasi ya kupinga uamuzi. Ikipinga na ikaonekana ina haki, nafasi yake hubaki. Ikipinga bila haki, huipoteza. Anayedai hulipia madai yake. Kwa hiyo nahodha hujiuliza kwanza: niliona, au nilitamani? Ligi yetu haina kamera hizo. Swali hilo, hata hivyo, halihitaji kamera, na mzazi aweza kumfundisha mwanawe sebuleni.

Kuna watakaosema kwamba tunawatetea wakubwa. Hasha. Upendeleo upo duniani, katika michezo kama katika mambo mengine, na mnyonge akiambiwa kila siku kwamba analia kwa kushindwa tu, mpendeleaji hulala usingizi mwema. Tunachosema ni kwamba upendeleo hauthibitishwi na filimbi moja. Kosa huonekana uwanjani. Upendeleo huonekana kwenye karatasi. Alama yake ni hii: jambo lile lile, hukumu mbili.

Timu iliyochelewa kwa sababu ya gari ikipokonywa pointi, ulizeni: je, timu nyingine iliyochelewa ilipangiwa siku mpya? Mechi ikiahirishwa, taarifa ilitolewa siku ngapi kabla, na je, kila mara huahirishwa kwa kuifaa timu moja? Waamuzi wa mechi ile walitoka klabu gani, na nani aliwapanga? Mchezaji wa huku akipewa kadi nyekundu akakosa mechi zinazofuata, wa kule aliyefanya vivyo hivyo alikosa ngapi? Maswali haya yana majibu yanayoandikika. Kesi ya ngedere akiamua nyani, haitoshi kumpigia nyani kelele. Yatakiwa ionyeshwe nani aliyempa kiti. Klabu yenye daftari la msimu mzima, lenye tarehe, majina na barua, yaweza kupeleka malalamiko kwa chama kinachosimamia ligi na ikasikilizwa, au ikikataliwa, kukataliwa kwake kukawa ushahidi mwingine. Klabu yenye sauti tu hurudi na sauti yake.

Akina mama wana nafasi katika hili kuliko wanavyodhani. Aghalabu mama ndiye wa kwanza kuulizwa na mtoto aliyerudi amenuna, "Mama, tumeibiwa." Akijibiwa, "Naam, hao ndio kawaida yao," mtoto amepata faraja ya usiku mmoja na udhuru wa maisha yake yote. Msichana aliyeamini kwamba aliibiwa haoni sababu ya kujizoeza kuzuia kona ya adhabu. Akiulizwa, "Uliona nini kwa macho yako? Ulisimama wapi? Na nyinyi mlikosa mabao mangapi?" atapata kazi ya kufanya kesho. Na ikiwa baada ya maswali hayo bado jambo lina harufu mbaya, mwambieni aliandike na tarehe yake, amkabidhi mwalimu au nahodha.

Mwisho, tumkumbuke mwenye filimbi. Katika mechi za shule na za ligi za chini mara nyingi ni kijana, au mwanamke aliyewahi kucheza, anayekimbia saa nzima juani kwa malipo madogo. Kanuni zinamlinda kiasi: anayembishia aweza kuonyeshwa kadi ya kijani na kukaa nje dakika mbili, na pigo laweza kusogezwa mbele hadi mita 10. Hakuna kanuni inayomlinda na matusi ya jukwaani. Akitukanwa msimu mmoja atavumilia. Wa pili ataacha, na nafasi yake itachukuliwa na asiyejua zaidi yake. Makosa yataongezeka, na kelele nazo zitaongezeka.

Wasichana na wavulana wetu wa Nakuru, Njoro na Molo watacheza tena msimu ujao, na filimbi zitakosewa tena. Jamaa watakaokwenda kuwatazama na wachukue maji, kivuli na daftari. Filimbi ikiwaumiza, waiache imalizike na mchezo. Wakiona hukumu mbili juu ya jambo moja, waziandike zote mbili, na wasinyamaze mpaka wajibiwe.