Joto Tunalolipia

Katika nyumba ya vyumba sita niliyopanga Tandika, Dar es Salaam, LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa moja. Zikibaki uniti tatu mita ilianza kulia, na mita ikianza kulia, wapangaji nao walianza. Mwenye televisheni alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kijana wa chumba cha uani, mwenye simu mbili, aliambiwa akachajie kazini kwake. Mama mmoja alilaumiwa kwa taa iliyowaka hadi saa nne usiku, ilhali wanawe walikuwa wakijisomea. Friji halikutajwa. Lilikuwa la jirani yangu wa mlango wa pili, friji la mtumba lililokuja na kontena kutoka Ulaya, na kila mmoja wetu alikuwa na kitu chake humo: maji ya kunywa, samaki wa kesho, maziwa ya mtoto. Nani angelinyooshea kidole?

Ugomvi wa kukisia ulinichosha. Nikaenda Kariakoo nikanunua kipimo kidogo kinachochomekwa kwenye soketi: unachomeka kipimo ukutani, kifaa unakichomeka kwenye kipimo, nacho kinakuhesabia umeme unaopita. Kwa wiki mbili kipimo kile kilizunguka chumba hadi chumba kama daftari la mchango wa harusi.

Kabla ya kusema kilichoonekana, tuweke sawa maneno mawili yanayochanganywa kila siku, wati na uniti. Wati ni jinsi bomba lilivyofunguliwa, uniti ni ndoo iliyojaa. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima, umejaza ndoo moja, uniti moja. Pasi ni bomba lililofunguliwa hadi mwisho, lakini kwa robo saa tu. Friji ni bomba lililofunguliwa kidogo na kuachwa hivyo usiku na mchana, mwaka mzima. Macho yetu huiona pasi kwa sababu inaunguza. Friji huliona mita peke yake.

Sasa matokeo. Betri ya simu nyingi za siku hizi hubeba nishati ndogo mno, kiasi kwamba kuijaza kila usiku kwa mwezi mzima hakufikishi uniti moja. Televisheni ya inchi 32 ilikula wati 45. Ikitazamwa saa sita kwa siku, inamaliza mwezi kwa uniti nane. Taa ya wale watoto wa shule ilikuwa ya LED, wati 9, na kwa saa nne za kila jioni ilitumia uniti moja kwa mwezi. Uniti moja! Mama wa watu alikuwa amesemwa mwaka mzima kwa ajili ya uniti moja kwa mwezi.

Friji lilitumia uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Mtumiaji mdogo wa nyumbani huuziwa umeme kwa bei nafuu mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Friji lile, peke yake, lilikuwa linakaribia kuumaliza mgawo wa familia nzima. Wa pili wake alikuwa mtumiaji ambaye hakuna aliyemhesabu, balbu ya zamani ya wati 60 iliyoning'inia mlangoni, ikiwashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu hapa karibu na ikweta usiku una saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo balbu ile haikuwahi kupata msimu wa kupumzika. Uniti 21 na ushee kwa mwezi, kwa kumulika ndala.

Shuleni tulifundishwa kwamba nishati haipotei, inabadilika umbo tu. Basi uniti tunazosema zimepotea zinakwenda wapi? Karibu zote zinakuwa joto. Hili ndilo ningependa kila anayenunua LUKU alijue. Umeme wa kupoteza hauvuji kwenye waya kama maji yanavyovuja kwenye bomba bovu. Unakuja chumbani, unapasha hewa, unakaa nasi. Na ukiishi Dar es Salaam mwezi Februari, joto hilo unalilipia mara mbili, kwanza kulizalisha kwa balbu, kisha kulifukuza kwa feni.

Balbu ya zamani kwa kweli ni hita inayotoa mwanga kidogo. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa tungsteni unaopashwa na umeme hadi nyuzijoto 2,500 hivi. Kitu chochote kikipata moto kiasi hicho hung'aa, lakini sehemu kubwa ya mng'ao wake ni miale ya joto ambayo jicho haliioni. Jua linatuangazia vizuri kwa sababu uso wake una nyuzijoto zaidi ya 5,000. Uzi wa tungsteni ukifikishwa huko utakuwa umeyeyuka zamani. Hivyo tangu enzi za Thomas Edison na Joseph Swan, waliotengeneza balbu zao mwishoni mwa miaka ya 1870, watu wamekubali kununua uniti 20 ili wapate mwanga wa uniti moja hivi. Fundi hawezi kuurekebisha upungufu huo, maana ndivyo kitu cha moto kinavyong'aa.

LED ilifika mbali kwa kuacha kabisa njia ya moto. Humo ndani kuna kipande cha fuwele ya semikondakta ambamo elektroni huanguka kutoka ngazi ya juu ya nishati hadi ya chini, na kila ikianguka hutoa chembe moja ya mwanga. Urefu wa anguko ndio unaoamua rangi. Anguko fupi, mwanga mwekundu. Refu zaidi, kijani. Refu sana, buluu. Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu huko Marekani mwaka 1962, na kwa miaka 30 iliyofuata dunia ikawa na vitaa vyekundu vya redio na kikokotoo lakini haina taa ya chumbani, kwa sababu bila buluu huwezi kupata mweupe.

Buluu ilihitaji fuwele ya galiamu naitraidi, na wengi waliojaribu kuikuza waliipata ikiwa na nyufa wakakata tamaa. Walioshikilia walikuwa wachache. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano, katika Chuo Kikuu cha Nagoya, walipata fuwele safi mwaka 1986. Shuji Nakamura alifanya kazi katika kampuni ya Nichia, kwenye kisiwa cha Shikoku, mbali na maabara kubwa za Japani, na mwaka 1993 alionyesha LED ya buluu yenye mwanga mkali. Kampuni ilimpa yen 20,000 kama asante. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakapatana kwa yen milioni 843. Mwaka 2014 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mimi naona haki ilitendeka. Nobel ya Fizikia mara nyingi hutuzwa kwa mambo ambayo hayajawahi kuingia uani kwetu, na hii ipo juu ya vichwa vyetu kila jioni.

Ukitaka kuiona kazi yao, chukua taa ya LED iliyokufa, ing'oe kile kifuniko cheupe cha plastiki. Utakuta vidoa vya njano vimepangwa juu ya sahani ya alumini. Chini ya kila kidoa kuna kipande cha buluu, na njano ile ni unga unaomeza sehemu ya buluu na kutoa mwanga wa manjano. Buluu na njano zikichanganyika, jicho linaona mweupe. Ile sahani ya alumini haikuwekwa kwa urembo, kwani hata LED hutoa joto kidogo, na joto hilo lisipoondolewa huua taa. Hapa ndipo taa za bei ya chee zinapotuangusha: alumini nyembamba, viungo dhaifu vya kupokea umeme, nazo zinakufa baada ya miezi mitatu, mtu akabaki anaamini kwamba LED ni uongo. Wakati wa kununua, usiulize wati tu. Tazama lumeni, maana hizo ndizo zinazopima mwanga. Lumeni 800 zinatosha sebule ndogo, na LED nzuri huzitoa kwa wati 9 hivi.

Turudi kwenye friji. Friji halitengenezi baridi, linahamisha joto. Gesi iliyomo kwenye mabomba yake huchemka ndani ya friji na kufyonza joto la samaki na maji, kisha kompresa huibana na kuisukuma nyuma, ambako joto hilo hutemwa ukutani. Weka mkono nyuma ya friji linaloungurumia kazi utayasikia maji yako ya kunywa yalivyokuwa ya moto. Kwa hiyo kazi ya friji haiishi, maana joto lililotolewa linarudi kila dakika kupitia kuta zake na mpira wa mlango. Linarudi kwa kasi gani? Inategemea tofauti ya joto la ndani na la nje. Ndani nyuzi 4, jikoni Tandika nyuzi 32, tofauti 28. Lipeleke friji lilelile Mbeya kwenye chumba cha nyuzi 18, tofauti ni 14, nusu kamili. Friji moja, maisha mawili. Na friji letu lilikuwa limeundwa likaishi Ulaya.

Kwamba friji linaweza kuwa na tabia njema, historia ya Marekani imeonyesha. Katikati ya miaka ya 1970 friji la kawaida la huko lilikula takriban uniti 1,800 kwa mwaka. Alikuwepo mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Arthur Rosenfeld, aliyekuwa akichunguza chembe ndogo za maada. Mwishoni mwa 1973, mafuta yalipoadimika na foleni kujaa vituoni, Ijumaa moja usiku alizunguka kuzima taa za ofisi zipatazo 20 jengoni kwao, na swichi nyingine akazikuta zimefichwa nyuma ya kabati za vitabu. Aliacha fizikia ya chembe, akashika ya swichi. California ikaweka viwango vya lazima vya friji, kisha taifa zima likafuata. Viwanda vilinenepesha povu la kuta, vikaboresha mota na mipira ya milango. Kufikia 2001 friji jipya, kubwa kuliko la zamani, lilitumia chini ya uniti 500 kwa mwaka, na bei yake dukani ilikuwa imeshuka.

Mafriji ya zamani yaliyokataliwa ng'ambo yalihitaji pa kwenda, yakaja kwetu. Ghana ililiona hilo mapema, na tangu mwaka 2013 imepiga marufuku uingizaji wa mafriji ya mtumba. Kenya imeweka kanuni za lebo ya nyota, ambapo nyota nyingi maana yake umeme kidogo. Naunga mkono hatua zote mbili, ingawa najua mtumba ndio uliotupa friji wengi wetu. Bei ya friji iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu dukani ni malipo ya kwanza tu. Yanayobaki tunayalipa kwa LUKU, elfu tano tano, kwa miaka kumi. Wapo wanaosema kwamba tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuzunguka mwaka 2024 umeme ni mwingi, kwa nini tujinyime? Mimi sisemi tujinyime. Maji ya baridi ni yaleyale, yawe yamepozwa na friji la uniti 2.4 kwa siku au la uniti 0.8.

Kuna mahali ambapo joto ndilo tunalolitaka, nako pia tunalimwaga. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji uniti 0.09. Kuyageuza yote yawe mvuke kunahitaji 0.63 zaidi, mara saba. Sufuria ya maharage iliyo wazi, ikitokota kwa kishindo, inatumia umeme mwingi kupika hewa ya jikoni. Na kishindo hakiivishi haraka, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi tena joto hata uongeze moto. Kule Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, hayafiki hata 100. Huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya huko yana kiburi. Jiko la presha la umeme linafunga mvuke, maji yanapanda hadi nyuzi 115 au zaidi, kisha linajizima mara kwa mara kwa sababu joto halina pa kutokea. Nilipima nusu kilo ya maharage, na yaliiva kwa uniti 0.4. Kwa jiko la koili na sufuria wazi yalinimalizia uniti mbili na zaidi.

Kikao cha wapangaji kilifanyika uani, Jumapili, nikiwa na daftari la namba. Nilihofia jirani yangu angeona nimemchongea. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tulitibu, dada." Tulianza na noti ya elfu moja, tukaibana kwenye mlango wa friji, tukaivuta, ikatoka yenyewe. Mpira ulikuwa umechoka, fundi akaubadilisha. Tuliyeyusha barafu iliyokuwa imevimba kama blanketi kwenye koili, tukalisogeza friji mbali na jiko na kuliacha na nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Mwenye nyumba alinunua LED ya mlangoni.

Siku ya tatu nilisoma kipimo mbele ya wote. Jirani alichukua chaki ya mwanawe, akaandika ubavuni mwa friji, kwa tarakimu kubwa: 1.6.