Pini za Soketi ya Prosesa
Fundi wa Katubuka, mjini Kigoma, anapofungua kompyuta ya mezani isiyowaka, hupaswa kwanza kujua pini ziliko, kwa kuwa Intel, ilipoleta LGA 775 mwaka 2004, ilizihamishia ndani ya soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye ubao mama, ilhali AMD, katika kompyuta za kawaida, iliziacha chini ya prosesa hadi AM4 yenye pini 1331, ikabadili mwaka 2022 kwa AM5 yenye 1718.

Pini nyingi huingiza umeme au kuurudisha, na kwa kuwa hugawana kazi, mojawapo ikipinda huenda pasionekane dalili yoyote. Lakini ikipinda inayobeba data za RAM, yaani kumbukumbu ya muda, nafasi moja ya RAM huweza kutotambuliwa, na fundi asiye na mchoro wa pini akatupa RAM isiyo na hatia. Mchoro huo husomwa kuanzia pembe yenye alama ya pembetatu, herufi na tarakimu zikitaja mahali pa kila pini, na uliochorwa kwa kutazama prosesa kutoka chini huwa umegeuka kushoto kulia ukilinganishwa na soketi inayotazamwa kutoka juu, mtego unaowanasa hata wazoefu.