Je, Wajua? Nyimbo za Kale Hewani

Je, wajua ya kuwa idhaa iliyowafikishia wasikilizaji wa Kondoa, mji ulio yapata kilomita 160 kaskazini ya Dodoma, nyimbo za NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, ilizaliwa mwaka 1951 ikiwa kituo kidogo mno, Sauti ya Dar es Salaam, kilichosikika katika mji wa Dar es Salaam peke yake? Baadaye, ikiitwa Radio Tanzania, ikawa pia studio ya bendi hizo, na baadhi ya nyimbo zilizorekodiwa humo hazikupata kutolewa katika santuri asilani, hata zikabaki katika kanda za sumaku, ambazo joto na unyevu huziharibu. Hazina adhimu iliyoje! Redio za watu binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, nazo zikatenga saa za zilipendwa. Lakini ngoma za Warangi na Wasandawe, wenyeji wa pande za Kondoa, kwa rai yangu, zastahili nafasi iyo hiyo. Basi, ewe msomaji, ukiwa na kanda ya ngoma hizo sandukuni, ipeleke katika redio iliyo karibu nawe inakiliwe, ingali yasikika.