Jukwaa Linalompa Nesi Sauti

Mama amejifungua, damu haikati. Mwanafunzi wa uuguzi aliyeko leba kwa mafunzo ya vitendo anajua la kufanya: kuita msaada, kusugua mfuko wa uzazi, kuandaa oksitosini. Lakini wakubwa wake wamesimama hapo hapo, na kauli inamkwama kooni.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba mtu huamini ataliweza jambo kwa njia nne: akilifanya likafaulu, akimwona mwenzake akiliweza, akitiwa moyo, na mwili wake ukitulia. Igizo fupi linaweza kuzikusanya zote.

Hospitali ya Haydom mkoani Manyara imewahi kuwafunza wahudumu wake hivyo. Mmoja hujifunga tumboni kifaa kiitwacho MamaNatalie, akawa mzazi. Damu ya bandia inatiririka. Wenzake wanagawana kazi kwa sauti. Kisha wote huketi na mkufunzi kuchambua kilichokosewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa ujuzi na kujiamini kwao vilipanda.

Tanzania ina mizizi mirefu zaidi katika sanaa ya namna hii. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari waliibua matatizo yao, wakayaigiza na kuyasemea.

Kwa mwanafunzi wa uuguzi anayetoka Matongo, kata ya wilaya ya Tarime iliyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, mbinu hiyo ina kazi nyingi. Akirudi kuhudumia watu wa kwao, atakutana na mama mkwe asiyetaka mkwewe apewe rufaa. Darasani, mwenzake anaigiza mama huyo: amekunja mikono, hataki kusikia. “Shikamoo mama,” nesi anaanza, kisha anabadili kwenda Kikurya. Akikwama, mtazamaji yeyote anasimamisha igizo, anashika nafasi yake na kujaribu maneno mengine. Wimbo unaosindikizwa na litungu, chombo cha nyuzi cha Wakurya, nao unaweza kubeba dalili za hatari hadi kliniki ya wajawazito.

Anayezoea kusimama hivyo ndiye atakayethubutu kutoa elimu ya afya kijijini, kukabidhi zamu bila kigugumizi na, baadaye, kuomba usimamizi wa wodi au ukufunzi.

Igizo halichukui nafasi ya mazoezi wodini. Vyuo vilipangie saa yake kwenye ratiba, kabla mwanafunzi hajapelekwa leba, na mkufunzi awepo kusahihisha.