Leo Fedha Zimepungua, Kesho Zimezidi

Jioni moja mke wa sajini mmoja wa jeshi alirejea nyumbani kwake kambini, karibu na Kampala, akiwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne ndani ya pochi yake. Msimamizi wa duka analofanyia kazi alikuwa ameandika kwamba sanduku la fedha la mama huyo lilikuwa limepungua shilingi 38,000, na kwamba kiasi hicho kingekatwa katika mshahara wake. Kilikuwa kikaratasi cha nne katika mwezi mmoja. Chini yake yaliongezwa maneno machache kwa wino mwekundu: kikipatikana cha tano, asisumbuke kurudi.

Mama huyu, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa hapa, ni mpokea fedha, au keshia kama wengi wasemavyo, katika duka kubwa la vyakula na vyombo vya nyumbani mjini. Mumewe alikuwa likizoni kutoka Somalia, nchi ambayo Uganda ilipeleka askari wake wa kulinda amani kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Alikisoma kikaratasi kile mara mbili, kisha akauliza swali ambalo waume wengi wangeliuliza.

"Mama watoto, fedha hizi wazipeleka wapi?"

"Baba watoto," akajibu mkewe, "hata mimi sijui."

Jibu hilo halikumpendeza sajini, wala halimpendezi mtu yeyote mwenye kulisikia, kwa sababu ndilo jibu la mwizi. Akapandisha sauti, hata majirani wa nyumba ya pili wakasikia. Lakini sajini huyu alikuwa ametumikia miaka mingi katika bohari, na mtu wa bohari hatulii mpaka ameona daftari. Hasira ilipopungua aliomba aletewe karatasi zote za mwezi ule. Ndipo alipoona jambo ambalo msimamizi wa duka hakulitilia maanani. Siku nne fedha zilipungua, ni kweli. Lakini siku nyingine mbili katika mwezi uo huo zilizidi, mara moja kwa shilingi 15,000 na mara ya pili kwa shilingi 6,000. Mwizi hupunguza. Ni mwizi gani atiaye fedha zake mwenyewe katika sanduku la tajiri?

KAZI YA KAUNTA

Wasiopata kusimama nyuma ya kaunta hudhani kwamba keshia hana kazi ila kupokea fedha na kurudisha chenji. Yafaa waende wakamtazame saa kumi na mbili jioni, watu wanapotoka kazini. Mteja wa kwanza ametoa noti ya 20,000 kwa bidhaa za shilingi 13,700. Kabla chenji haijahesabiwa, wa pili anauliza kama sukari imepanda bei. Wa tatu anasema amekwisha lipa kwa simu, na ujumbe haujafika. Mchukuzi kutoka stoo anataka sahihi kwa katoni sita za sabuni. Na msimamizi anaita kutoka upande wa pili kwamba bei ya mafuta ya kula imebadilika tangu mchana. Akili inaporudi kwa mteja wa kwanza, je, noti yake ilikuwa ya 20,000 au ya 50,000? Imekwisha ingia sandukuni na kuchanganyika na nyingine. Hapo keshia hukisia. Akikisia vibaya, ama duka limepoteza, ama mteja ameonewa, na usiku hesabu itasema.

Kila keshia hupatwa na jambo hili mara moja moja. Tofauti iko katika kile kijibao kidogo cha akilini ambacho mtu hukiandikia jambo la kushika kwa dakika moja au mbili, kisha akalifuta. Kwa watu wengi, maandishi ya kijibao hicho hubaki hata wakiitwa na mtu pembeni. Kwa mama huyu, kila sauti iliyomwita ilikuwa kama mkono wenye kitambaa, ukafuta yote yaliyokuwapo.

Na ajabu ni kwamba saa za msongamano si ndizo zilizomwangusha daima. Duka likijaa huchangamka, hukumbuka sura za wateja na watoto wao, hucheka nao, na wapo waliokuwa wakiacha mistari mifupi ili wahudumiwe naye. Adui wake mkubwa alikuwa saa nane mchana, duka likiwa tupu, na ile kazi ya mwisho wa mwezi ya kuhesabu bidhaa rafuni moja baada ya moja. Alianza na maziwa ya kopo, akakuta kopo limebonyea, akalipeleka stoo, akakutana na ufagio, akafagia. Maziwa yakabaki yamehesabiwa nusu. Aliyemwona angesema ni mvivu. Lakini mvivu hafagii asipoambiwa.

MTOTO NDIYE ALIYEFUNGUA MLANGO

Habari ya mambo haya ilipatikana kwa njia ya mwanawe wa darasa la nne. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtoto haketi, hamalizi zoezi, na hujibu kabla swali halijaisha. Wazazi wakashauriwa wampeleke kwenye kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya serikali. Mganga aliwauliza mengi juu ya mtoto, kisha akauliza kama katika ukoo yupo mwingine mwenye tabia hizo. Baba akamtazama mama. Mama akanyamaza kwa muda, halafu akauliza: "Daktari, na mtu mzima huweza kuwa nayo?"

Huweza. Madaktari huiita hali hiyo kwa herufi nne, ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoandamana na utukutu, ijapokuwa kwa wengine utukutu hauonekani kabisa. Si jambo lililozuka juzi. Mwaka 1798 tabibu wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu wasioweza kutuliza fikira mahali pamoja. Mwaka 1902 George Still, daktari wa watoto, alitoa mihadhara London juu ya watoto wenye akili njema wasioweza kujizuia. Mwaka 1980 waganga wa akili wa Marekani waliipa jina la upungufu wa umakini, na mwaka 1987 wakaongeza neno la utukutu. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hali hii huisha mtoto anapobalehe. Siku hizi inajulikana kwamba wengi huingia nayo utu uzima. Hukadiriwa kuwapo kwa watoto wapatao 5 katika kila 100, na kwa watu wazima wawili au watatu katika kila 100. Nayo hurithiwa kwa nguvu, karibu kama kimo cha mtu kinavyorithiwa.

Wasichana ndio wanaopitwa zaidi. Mvulana apandaye juu ya dawati huonekana na shule nzima, lakini msichana aketiye kimya akitazama dirishani husemwa kuwa ni mpole, au mzito wa kuelewa. Mama huyu aliandikiwa katika ripoti zake zote za shule kwamba angeweza kufanya vizuri zaidi kama angejitahidi. Hakuna aliyemwuliza ni kiasi gani alikuwa akijitahidi.

Hata hivyo, si kila asahauye ana hali hii, na hapo jamaa za askari na polisi hawana budi kuwa waangalifu. Mtu asiyelala usiku kwa sababu ya zamu husahau. Mlevi husahau. Ugonjwa wa tezi la shingoni, msiba na huzuni ya muda mrefu huondoa umakini. Na askari aliyerudi kutoka vitani, anayeshtuka mlango unapofungwa kwa kishindo, huweza kuonekana mwenye fikira zilizotawanyika, kumbe jeraha lake ni jingine na matibabu yake ni mengine. Kwa sababu hiyo daktari hatoi hukumu kwa kusikiliza dakika tano. Hutaka kujua kama dalili zilianza kabla ya umri wa miaka 12, kama zimeendelea kwa miezi sita au zaidi, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na kazini pia. Mama aliyekuwa mtulivu mpaka alipofikia miaka 30, kisha akaanza kusahau, na atafutiwe sababu nyingine.

MBINU ZA GHALA LA SILAHA

Sajini alipokwisha kuelewa, aliona haya kwa ile sauti aliyoipandisha. Lakini haya haiongezi fedha sandukuni, basi akarudi kwenye jambo alilolijua. Katika ghala la silaha hakuna anayeulizwa kama anakumbuka. Bunduki ina namba, namba ina mstari katika daftari, na mstari una sahihi ya aliyeichukua. Walinzi wanapopokezana zamu, vitu husomwa kwa sauti kimoja kimoja, hata kama wote wawili wanaviona. Haidhaniwi kwamba askari ni wajinga. Inajulikana tu kwamba kichwa cha binadamu, hasa kilichochoka, si mahali pa kuwekea hesabu.

Mume na mke waliketi mezani usiku wakaitengeneza kaunta kwa utaratibu huo. Noti ya mteja isiingie sandukuni kamwe kabla ya chenji kutoka. Ikae juu ya kaunta, imekandamizwa kwa kipande cha chuma, ionekane na wote wawili. Kiasi kitamkwe kwa sauti: "Umenipa elfu ishirini, ssebo." Mtu mwingine akiita, keshia asimjibu swali lake, ainue mkono na kusema neno moja, "Ngoja," mpaka chenji imefika mkononi mwa mwenyewe. Malipo ya simu yasikubaliwe kwa kuonyeshwa kioo cha simu ya mteja, bali kwa ujumbe kufika katika simu ya duka. Penseli ifungwe kwa uzi kwenye kaunta pamoja na daftari dogo, na kila agizo la msimamizi liandikwe papo hapo, kwa kuwa lisiloandikwa ni kama halikusemwa. Simu yake mwenyewe ikae ndani ya mkoba.

Nyumbani liliwekwa beseni moja jekundu karibu na mlango. Humo hutiwa funguo, kitambulisho cha kazi na nauli ya kesho, usiku, kabla ya kulala. Watoto hulicheka beseni hilo, nao wamekatazwa kulisogeza.

Lililobaki lilikuwa kuzungumza na msimamizi. Hapa watu hukosea kwa kuanza na jina la ugonjwa. Msimamizi wa duka si mganga. Akisikia neno la hospitali ya akili huenda akaogopa, na hofu yake ikamponza mfanyakazi. Ni afadhali kuanza na kile kinachohitajiwa, ambacho msimamizi anakifahamu. Mama alikwenda na karatasi za mwezi, akamwonyesha zile siku mbili za ziada, na akaomba mambo mawili tu: ahamishwe kutoka kaunta iliyo kando ya mlango wa stoo, ambako kila mchukuzi hupita, na fedha zake zihesabiwe saa saba mchana mbele ya mwenzake, zisingoje usiku. Kosa la nusu siku hutafutika. La siku nzima huwa limekwisha zikwa. Msimamizi alizitazama siku zile mbili kwa muda mrefu. Maombi yote mawili hayakugharimu kitu, naye akakubali kwa majaribio ya mwezi mmoja. Habari ya kliniki aliambiwa baadaye, walipokwisha kuzoeana vizuri zaidi.

JUU YA DAWA

Dawa ipo, na inayojulikana zaidi ni methilifenidati. Ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi, naye akaiita Ritalin kwa jina la mkewe, Rita. Huongeza nguvu ya kemikali za ubongo, dopamini na noradrenalini, zinazosaidia fikira kushika jambo moja. Haiponyi, ni kama miwani, husaidia inapotumika. Huweza kupunguza hamu ya kula, kuzuia usingizi na kupandisha mapigo ya moyo, kwa hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari baada ya kupima shinikizo la damu, na kumwazima jirani kidonge ni hatari. Haipatikani kwa urahisi kila mahali. Pa kuanzia ni hospitali ya Butabika mjini Kampala, au idara za afya ya akili katika hospitali kubwa za mikoa kama Mbarara na Gulu. Yapo pia mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, ambayo humfundisha mtu kupanga siku yake na kuacha kujitukana.

Wapo wanaojitibu wenyewe kwa mairungi mchana na waragi usiku, wakidai kwamba majani huwatuliza. Huenda kwa saa mbili huwatuliza kweli. Lakini usingizi ukikosekana umakini wa kesho huwa mbovu zaidi, na mshahara hupungua kwa njia mbili.

Mama huyu alichagua kuanza na utaratibu na ushauri, akaiacha dawa kwanza. Katika kuhesabu bidhaa sasa hufanya kazi na mwenzake: mmoja hutaja, mwingine huandika, rafu moja kisha wanapumzika kidogo, wala hapana kuondoka kwa ajili ya kopo lililobonyea. Kazi hiyo angali haipendi.

Kikaratasi cha tano kilikuja katika wiki ya tatu ya majaribio. Kilikuwa cha shilingi 2,000. Msimamizi alikishika kwa muda akiwa na ile kalamu yake nyekundu, mama amesimama mbele yake, kisha akaandika: alipe, na kesho aingie zamu ya asubuhi. Sajini aliipata habari hiyo kwa simu, kwa maana alikuwa amekwisha rudi Somalia. Aliuliza kama noti bado zinakandamizwa kwa chuma. Zinakandamizwa, akajibiwa, ila mwavuli mpya, ule aliouleta yeye, umesahauliwa ndani ya taksi.